Irente na watoto wadogo na bibi mwenye goti: anzeni mwisho

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka tisa, mwingine minne, tunaishi Mbagala. Likizo ya Juni tunataka kwenda Lushoto siku tatu pamoja na mama mkwe wangu mwenye miaka 63. Goti lake la kulia linamsumbua, hasa akishuka ngazi. Nimesikia habari za Irente, kwamba ukisimama pale juu unaona nchi mpaka macho yanachoka. Mume wangu anasema Lushoto ni milima mitupu, watoto watalia njia nzima na yeye ndiye atakayewabeba. Je, familia kama yetu inaweza kutembea kule? Tutoke saa ngapi, tubebe nini, na ni lazima tuwe na mwongozaji? Mama mkwe naye anauliza, adhuhuri itamkuta wapi?

Marahaba, mdogo wangu. Mwambie shemeji kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Lushoto ni milima, na watoto watalia kweli mkiwatembeza kama wanavyotembezwa wageni wazima: mnatoka mjini asubuhi, kilomita kama sita mpaka mwambani Irente, mnapiga picha, halafu kilomita sita nyingine kurudi. Nimetembeza wageni milima hii kwa miaka mingi, wazungu na wa Dar vilevile, na familia zilizonishinda zote zilinishindia mahali pamoja, njia ya kurudi. Kwenda hakuna shida. Mtoto ana nguvu, ana hamu, ameahidiwa kitu. Akishakiona kile kitu, amemaliza. Mbele yake hakuna tena cha kumvuta, na miguu ndiyo kwanza inakumbuka kwamba imechoka. Hapo ndipo baba anapogeuka punda.

Kwa hiyo nyinyi anzeni mwisho. Chukueni taksi mjini iwapeleke mpaka juu kabisa, karibu na mwamba, mkiwa wabichi. Mwamba mtauona asubuhi, watoto wakiwa bado wanasikia mnachosema. Kisha ndipo mtembee, mkirudi, kwa vipande, na kila kipande kiwe na kitu cha kula mwisho wake.

Njia yenyewe haina makuu. Ni barabara ya vumbi, pana kiasi cha kupita gari, inayopita kwenye nyumba za watu, mashamba ya mahindi na maharage, migomba, na mikaratusi mirefu inayonuka vizuri jua likiipiga. Mtu mzima kutoka mjini mpaka mwambani hutumia saa moja na nusu hadi mbili. Kama kilomita moja na nusu kabla ya kufika mwambani kuna Irente Farm, shamba la Kanisa la Kilutheri, wanakotengeneza jibini, jemu na mkate mweusi mzito. Shikeni hapo, maana safari yenu yote inazunguka hapo.

Kipande cha kwanza ni mwamba mpaka shambani, kilomita moja na nusu, na hiki nyote mnakiweza, bibi akiwemo. Msikipime kwa saa ya mtu mzima lakini. Mtoto wa miaka minne hatembei, anakagua. Atasimama kwenye kila mdudu, ataokota kila jiwe, ataingia kwenye kila dimbwi. Mimi nikiwa na mtoto wa umri huo huhesabu kilomita moja kwa dakika arobaini na siharakishi kitu. Kwa hiyo wekeni saa nzima. Shambani mtakula, mtapumzika kwenye majani, watoto watakimbia. Kipande cha pili, shambani mpaka mjini, ni kilomita nne na nusu hivi. Hicho kiachieni hali ya siku. Bibi na mdogo warudi na taksi. Wewe au shemeji mmoja atembee na yule wa miaka tisa, ambaye akijua kwamba hiki ni kipande cha wakubwa, mdogo wake hakupewa, atakimaliza bila kulalamika. Nimeona jambo hilo mara nyingi mno kuliita bahati.

Panga na dereva kabla hamjashuka kwenye gari: atarudi shambani saa ngapi, bei ya kwenda na ya kurudi, na namba yake ya simu. Asiwaambie "nipigieni tu mkimaliza" bila kukubaliana bei. Bodaboda zipo tele, na wenyeji wengi ndizo wanazopanda, lakini bibi mwenye goti na mtoto wa miaka minne kwenye barabara ya vumbi ya mlimani, hapana.

Sasa mwamba. Hapa nitakaa kidogo, niwie radhi.

Pale Irente mlima hauteremki, umekatika. Unatembea kwenye miti na majani kama kawaida, mara mbele yako hakuna kitu, na bonde liko chini karibu mita 1,000. Usiende ukitegemea kwamba utakuta ukuta au uzio wa kumzuia mtoto. Mwamba wenyewe ni mpana, mnakaa watu wengi bila kubanana, ila una changarawe ndogondogo juu yake, na raba iliyolika soli huteleza juu ya changarawe kama kwenye maharage makavu.

Watu wengi huogopa mtoto atakimbilia ukingoni. Kwa kweli watoto wengi, wakiuona ukingo, wenyewe wanarudi nyuma na kukushika mguu. Ninachokiogopa mimi ni kofia. Kadiri jua linavyopanda, bonde linapata joto na upepo unapanda ukutani kutoka chini, unakuja kwa mikupuo, kimya, halafu puu. Kofia inaruka. Na mtoto kofia yake ikiruka haangalii ukingo, anaangalia kofia. Basi kabla ya kukanyaga mwamba, kofia zote ziingie kwenye begi, na mitandio ifungwe vizuri, ya mama mkwe pia. Na chochote kinachoweza kudunda au kubingirika, mpira, chupa tupu, gari la plastiki, kibaki garini.

Cha pili ni simu. Anayepiga picha anawaambia wenzake "rudini nyuma kidogo", nao wanarudi nyuma bila kugeuka. Nimelisikia neno hilo pale juu na moyo ukanishuka mpaka miguuni. Sheria yangu ni nyepesi: kwenye mwamba hakuna picha ya kusimama. Mnakaa chini kwanza, makalio kwenye jiwe, ndipo simu inatoka. Picha za kukaa hutoka nzuri zaidi hata hivyo, bonde linaonekana lote. Na kila mtoto awe na mtu mzima wake mmoja anayetajwa kwa jina: "wewe uko na baba, wewe uko na mama." Mwenye kushika simu hahesabiwi. Yule mdogo, kama ni mtundu, mfungeni khanga kiunoni na wewe ushike ncha. Wapita njia watacheka. Wacheke.

Mkishatulia, mkikaa kimya dakika mbili, mtasikia bonde. Sauti zinapanda na ule upepo: pikipiki, mbwa, wakati mwingine muziki wa dukani, vidogo sana lakini wazi, kama redio ya jirani. Na ndege. Pale mtoto anaweza kuona kitu ambacho Mbagala hatakiona, yaani kumtazama ndege mkubwa mgongoni. Kunguru na ndege wawindaji huelea juu ya upepo ule chini ya miguu yenu, na mnaona mabawa yao kwa juu. Yule wa miaka tisa muulize kwa nini hawapigi mabawa. Akifikiri kidogo atakumbuka kofia.

Muulize na hili: kwa nini huku tulipo ni kijani na kule chini ni kahawia? Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima mikongwe inayoanzia Taita, Kenya, ikapita Pare, Usambara na kuendelea mpaka Udzungwa. Upepo wa Bahari ya Hindi ukija na unyevu, unagonga milima, unalazimika kupanda, unapoa, unaangusha mvua huku juu. Ukifika upande wa pili umeshakauka. Ndiyo maana kule mnakotazama ni nyika inayoendelea mpaka Umasaini, na nyuma ya migongo yenu watu wanalima kabichi. Mtoto wa darasa la nne anafundishwa mambo haya kwa mchoro ubaoni. Pale ameukalia mchoro.

Mabati yanayong'aa chini kabisa ni Mazinde. Mistari iliyonyooka kama daftari ni mkonge, zao lililoletwa Tanga mwaka 1893 na ambalo mashamba yake yaliubadilisha mkoa mzima. Barabara ya lami ni ile ile mliyopita jana mkija, inayokwenda Arusha, na mabasi yake ni kama siafu. Sambamba nayo ipo reli ya Tanga, iliyofika Mombo mwaka 1905 kabla ya kuendelea mpaka Moshi. Kama mama mkwe anapenda hadithi za kale, mpe hii. Wakilindi walipotawala Usambara, makao ya mfalme yalikuwa Vuga, juu huku milimani. Karne ya 19, misafara ya biashara ya pwani ikawa inapita chini, kwenye njia ile mnayoiona. Semboja, mtoto wa mfalme Kimweri, akaona mbali. Akashuka akaweka boma lake Mazinde, penye njia. Nguo na bunduki zikamfikia yeye kwanza, mpaka siku ikafika akaipiga Vuga yenyewe. Yote hayo kwa sababu ya tofauti ya juu na chini, ambayo hapo mnaitazama kwa mkupuo mmoja. Mimi hupenda kulisimulia pale pale, maana nikilisimulia mjini linakuwa somo la historia tu.

Wakati gani wa siku? Watu watawashawishi mwende jioni, jua linapozama. Mwamba unatazama magharibi na jioni ni nzuri kweli, siwezi kusema uongo. Lakini huku kwetu jua likizama giza halibishi hodi. Mwaka mmoja nilimchukua mpwa wangu wa miaka mitano, jioni, nikijidai mjuzi wa njia. Tulishangilia jua vizuri sana. Nusu saa baadaye nilikuwa nimembeba mgongoni, tochi ya simu mdomoni, na mguu wangu wa kushoto ndani ya mtaro. Na mimi ndiye mwongozaji! Nendeni asubuhi. Asubuhi jua liko nyuma yenu, linamulika bonde lote, rangi zinaonekana, na macho hayaumi.

Ila Juni ina ukungu. Mtaamka saa moja, mtachungulia dirishani na hamtaona hata mti wa jirani, na shemeji atasema "nilisema". Msikate tamaa na msiharakishe. Kunyweni chai. Siku nyingi ukungu unaanza kufunguka saa tatu hivi, na kufika saa nne bonde liko wazi. Kwa hiyo tokeni mjini saa tatu na nusu, si alfajiri. Wageni wanaoamka gizani miezi hii huishia kupiga picha za sufuria nyeupe. Mkifika bado kumefunga, kaeni kando, mbali na ukingo. Kwenye ukungu hakuna mtu kukanyaga mwamba, mkubwa wala mdogo, hata kama mwenzako anaapa anapajua.

Nguo: Mombo, pale barabara inapoachana na bonde, mtatoka jasho. Saa moja baadaye Lushoto, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, watoto watatetemeka na masweta yako chini kabisa ya begi. Yawekeni juu. Usiku wa Juni ni baridi ya kweli, wekeni na soksi za kulalia. Njiani vaeni raba zenye meno na suruali ndefu. Udongo wetu ni mwekundu, ukilowa ni sabuni, na baada ya mvua siafu huvuka njia kwa mstari mweusi unaong'aa. Suruali zikichomekwa kwenye soksi mnavuka salama. Kigari cha kusukumia mtoto acheni Dar. Yule mdogo akichoka ni mbeleko tu.

Maji, lita moja kwa mtu mzima, nusu kwa mtoto. Chakula cha shambani nakisifu, lakini toeni taarifa mapema, kesho yake mnakwenda, wangapi, ili msikute wamejaa au wamemaliza. Na mkate ule mweusi, wakubwa wanaupenda na jibini na jemu; mtoto aliyezoea mkate wa duka la Mbagala atautafuna mara moja na kukurudishia mkononi. Bebeni chapati na mayai ya kuchemsha kwa ajili yake. Hata njiani, kipande cha chapati kila baada ya kona mbili kinampeleka mtoto mbali kuliko maneno.

Goti la mama mkwe. Umesema akishuka ndipo linamuuma, na ndivyo magoti mengi yalivyo: kupanda kunachosha pumzi, kushuka kunabebesha goti. Kipande cha mwambani mpaka shambani hakina mteremko mkali, kina kupanda na kushuka kwa pole, ndiyo maana nimekichagua. Apate fimbo, na aishike mkono wa kushoto, upande usiouma. Watu wengi hushika upande unaouma na wanashangaa haiwasaidii. Urefu wake uishie kwenye kifundo cha mkono akiwa amesimama wima na mkono umelegea. Penye mteremko asishuke moja kwa moja, apite mshazari, kutoka upande huu wa barabara mpaka ule, kwa hatua fupi. Barabara ni pana, inaruhusu. Na mkimwona mwenyeji anakata kona kwa njia ya mkato kwenye mashamba, muacheni aende. Njia za mkato za Wasambaa zimetengenezwa kwa magoti ya Wasambaa. Zile ndizo milima anayoisema mume wako. Kama siku hizi goti linavimba au linamkatalia hata nyumbani, hilo alionyeshe hospitali kabla ya safari. Anaweza kuja vilevile, akapanda gari mpaka mwambani, akakaa shambani mkimkuta. Kwa kweli bibi aliyewahi kufika na kushika meza ni faida.

Mtapita kwenye nyumba za watu, basi salimieni. Asubuhi Wasambaa husema "Onga maundo", na wewe ukisalimiwa hivyo unajibu "niwedi". Mfundisheni yule wa miaka tisa tangu mkiwa kwenye basi. Mtoto wa Dar akiwasalimia wazee Kisambaa barabarani, mtachelewa kufika kwa sababu ya kusimamishwa, na pengine atapewa pea. Alhamisi na Jumapili ni siku za soko mjini, akina mama wanapita na mizigo kichwani, wapisheni upande wa ndani wa barabara.

Mwongozaji si lazima kwa njia hii, haipotezi. Lakini kwenu nyinyi ningeshauri mmchukue, si kwa ajili ya njia, bali kwa sababu mkihesabu watu wazima wa kushika watoto pale mwambani, mko wawili na bibi. Wa tatu anawapa nafasi ya kutazama. Mchukueni kwenye ofisi za waongozaji mjini, mwenye kitambulisho, si kijana anayewaanza stendi mkiwa bado mnashusha mabegi. Semeni nyinyi ni Watanzania tangu mwanzo, bei ni nyingine. Ulizeni bei ni ya familia nzima au ya kichwa, na kama watoto wanahesabiwa. Kisha mwambieni mpango wenu wa kuanzia mwisho. Akianza kubisha kwamba "ziara huanzia mjini", tafuteni mwingine. Huyo ana saa yake, na nyinyi mna mtoto wa miaka minne.

Na mwambieni jambo moja zaidi kwa niaba yangu. Vichakani kando ya njia kuna vinyonga, na Usambara ina wale wenye pembe mbili puani ambao hutawakuta popote duniani ila kwenye milima ya pande hizi. Waongozaji wengine humng'oa kwenye tawi, wanamweka begani kwa mtoto, picha, makofi. Linaniudhi sana. Kinyonga akishikwa anapaliwa na hofu, rangi inamgeuka nyeusi, na wakati mwingine anaachwa chini njiani mahali pasipo na tawi. Mtoto amtazame alipo. Mpe muda aone jicho moja likitazama mbele na jingine nyuma, na ile miguu inavyobana tawi kama koleo. Dakika tano za hapo ni bora kuliko picha. Wa kwenu wakiwa wameambiwa na bibi kwamba kinyonga ni nuksi, tatueni jambo hilo kabla ya kuondoka Mbagala, maana nimewahi kubaki na mtoto aliyegoma kupita kichaka kimoja kwa robo saa.

Siku ya pili, kama ukungu umewakatalia Irente au watoto wanataka tena, nendeni Magamba, msitu wa hifadhi ulio kilomita chache juu ya mji. Unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, kiingilio kinalipwa kwa namba ya malipo, si mkononi kwa mtu. Tembeeni kwenye barabara za msituni tu, saa moja inatosha. Tazameni juu: mbega weusi kwa weupe, wenye mikia kama mashungi, na kima. Kule hakuna ukingo wa kuogopa na goti halitalalamika sana. Mandhari ya mbali hamtaipata, miti imefunga.

Nisisahau safari yenyewe, maana wengi watoto wao huharibikiwa hapo, si kwenye kutembea. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 za lami iliyochongwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, bonde upande mmoja, ukuta upande mwingine. Watoto hutapika. Asubuhi ya safari msiwape maziwa wala soda, na Segera msiwanunulie chipsi. Wakae mbele, watazame njia, si simu. Kipande cha tangawizi mbichi chini ya ulimi kinasaidia, kwa bibi pia. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo ule ujanja wetu wa zamani wa kubeba rambo umekufa. Chukua kopo la mfuniko, la rangi au la siagi, tupu. Na siku mliyofika msipange lolote. Wale, waoge maji ya moto, walale.

Sasa swali la mama mkwe, ambalo nimeliweka mwisho kwa sababu linanifurahisha. Juni huku adhuhuri huingia saa sita na nusu hivi. Kwa mpango huu mtakuwa shambani, mmeshakula au mnasubiri kula, na hiyo ni sehemu ya bustani yenye majani. Aombe pembe tulivu, atandike msala. Lita moja ya maji ya udhu iongezeke kwenye mzigo wa shemeji. Kibla hakimpi shida, kwa sababu Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Lushoto. Mkiwa bado mwambani mnatazama bonde, kibla kiko mkono wenu wa kulia. Na mkiwa shambani, pasipo na bonde la kuwaonyesha, kumbukeni kwamba mwezi Juni jua la adhuhuri limeegemea kaskazini. Asimame jua likiwa mbele yake, kivuli chake kimeanguka nyuma.